Tangi Namba Mbili Linaendelea Vizuri

Barua ilisema siku kumi na nne, na Baba Pacha alikuwa ameshazila tano bila kumwambia mkewe.

Si kwamba alikuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kurudisha chenji iliyozidi dukani, hata ikibidi arudi kwa miguu. Ila kila jioni alipofika mlangoni ameshajipanga kusema, Mama Pacha alimtangulia na swali, "Kazi inaendaje?" na mdomo wake ukajibu wenyewe, "Si mbaya." Sasa mtu ukishasema si mbaya, huwezi tena kuvuta kiti ukaeleza kwamba mkataba unaisha Jumatano ya wiki ijayo, na kwamba funguo za nyumba zinatakiwa ofisini siku hiyohiyo, kwa maana nyumba ni ya kampuni.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya ukuta wa kiwanda cha sabuni. Harufu ya sabuni iliingia humo bila kubisha hodi, ikakaa kwenye mapazia, kwenye mito, mpaka kwenye chai. Wageni waliofika mara ya kwanza waliwaona wenyeji wao kuwa watu wasafi kupita kiasi, na Mama Pacha hakuwahi kuwasahihisha. Shule ya watoto ilikuwa ng'ambo ya barabara, na zahanati alikofanya kazi Mama Pacha ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Kodi haikuwepo. Nyumba ya namna hiyo mtu haiachi kwa hiari yake.

Kazi ya Baba Pacha ilikuwa kutengeneza mifumo ya taarifa. Mama yake mzazi aliamini mwanawe anaunda kompyuta, na majirani waliamini ni fundi simu, wakamletea simu zilizodumbukia kwenye maji. Ukweli ni kwamba Mkurugenzi wa kiwanda alikwenda semina, akaona kwa wenzake skrini yenye taa za rangi, akarudi na wivu. Alimwita Baba Pacha akamwambia, "Nikifika asubuhi, kabla chai haijapoa, nataka nijue kiwanda changu kikoje. Kijani ni jambo zuri, nyekundu ni baya. Sitaki insha."

Baba Pacha akatengeneza taa arobaini kwa mambo arobaini, na kila taa ilipata rangi yake kutoka kwenye ripoti za wakuu wa idara. Siku ya kwanza zikawaka zote kijani. Siku ya pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu ulipokwisha, bado hakuna aliyewahi kuiona nyekundu hata kwa bahati mbaya. Mkurugenzi alifurahi mpaka akawa anaita wageni waje kutazama. Asiyekuwa na raha ni aliyeitengeneza, kwa sababu kila asubuhi akivuka uani kwenda ofisini ilimbidi akunje suruali na kuruka povu. Povu lilitoka chini ya mlango wa jengo la matangi, na mtu mzima haruki povu miezi mitatu bila kujiuliza linatoka wapi.

Ndipo siku moja akaamua kuifuata ripoti moja kwa miguu, tangu ilipozaliwa mpaka ilipofika juu. Ilizaliwa kwa Mzee wa Tangi, mtu wa makamo mwenye buti za mpira na mikono iliyobabuka, ambaye aliandika kwa kalamu ya risasi: Tangi namba mbili limetoboka chini, linavuja. Karatasi ikaenda kwa Mkuu wa Zamu. Yeye alikuwa na watoto sita na hakutaka maneno, akaandika upya: Tangi namba mbili lina unyevunyevu sehemu ya chini. Ikapanda kwa Meneja wa Uzalishaji, naye akaandika: Tangi namba mbili linafuatiliwa kwa karibu. Ilipofika kwa Naibu Mkurugenzi, ambaye nyuma ya kiti chake alitundika kalenda iliyoandikwa "Usipoziba ufa utajenga ukuta", ikawa: Tangi namba mbili linaendelea vizuri. Na taa ikawaka kijani.

Hakuna aliyedanganya, hapo ndipo Baba Pacha alipochoka. Tumezoea habari zinazotiwa chumvi kila zinapopita. Hii ilikuwa inatolewa chumvi, kila meza kijiko kimoja, mpaka ikamfikia mwenyewe haina ladha yoyote. Alikwenda kwa Naibu kumweleza.

"Kwani nani amekutuma kwenye matangi?" Naibu aliuliza.

"Hakuna, mzee. Nilikuwa naona povu."

"Sikiliza, kijana. Umeajiriwa uoneshe. Hukuajiriwa uone."

Siku iliyofuata ndipo ile barua ilipotoka, na sahihi ya Naibu chini yake. Mfumo uoneshwe mbele ya uongozi Ijumaa ya wiki inayofuata, ndipo suala la mkataba mpya litazingatiwa. Baba Pacha aliisoma mara tatu akitafuta neno moja la kushikilia, asilipate.

*

Jumatatu jioni Mama Pacha hakuuliza kazi inaendaje. Alikuwa ameketi mezani, mbele yake kuna kopo la chakula ambalo mumewe huondoka nalo asubuhi, na pacha wawili wa miaka minane wamesimama pembeni kama mashahidi.

"Hili kopo limerudi limejaa siku ngapi?" aliuliza.

"Mke wangu, nilikuwa na kazi nyingi kidogo…"

"Sijauliza kazi. Nimeuliza kopo."

"Siku tatu," alisema Mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kuzaliwa kwa dakika kumi na hajaacha kumtangulia.

"Tumekula sisi," alisema Mdogo. "Lakini leo hatujala, tulikuwa tumeshiba."

Mama Pacha akawaambia wakacheze. Wakaenda mpaka nyuma ya mlango, wakaishia hapo.

"Baba Pacha, kila siku nakuuliza na kila siku unaniambia si mbaya. Mwanaume ambaye mambo yake si mabaya hula chakula chake. Toa hicho kitu unachonificha."

Akaitoa barua kwenye mkoba. Mama Pacha aliisoma polepole, akairudia, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake ileile. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Siku tano," alisema. "Siku tano nimelala pembeni ya mtu anayejua tunafukuzwa. Jumamosi nimenunua pazia, nawe ukanishikia ngazi."

"Niliona nisikutie wasiwasi."

"Sasa nina wasiwasi na pazia."

Baba Pacha alitamani kucheka, akajua si wakati wake. Alikuwa na aibu, ile aibu ya mtu mzima aliyekamatwa na watoto wake wakisikiliza. Akaeleza yote: taa, ripoti, meza tatu, Naibu. Alipofika kwenye unyevunyevu sehemu ya chini, Mama Pacha aliinua mkono.

"Ngoja kwanza. Kwani nyinyi mnawauliza swali gani?"

"Tunauliza hali ya tangi ikoje."

"Na wewe ulitegemea wajibu nini?"

Mama Pacha alikaa dirisha la mapokezi pale zahanati, huu ukiwa mwaka wa kumi na moja. Yeye ndiye aliyeamua nani aingie kwa daktari sasa hivi na nani akae kwenye benchi. Hakuwa amesomea udaktari, lakini madaktari walipobadilishwa, yeye hakubadilishwa.

"Mtu anakuja pale kashikilia ukuta asianguke," alisema. "Nikimuuliza unajisikiaje, ananiambia sijambo. Sijambo, dada, ni kichwa kidogo tu. Kidogo! Nikiandika kidogo nitazika watu. Kwa hiyo simuulizi anajisikiaje. Namuuliza, mara ya mwisho umekula lini? Umeamka mara ngapi kwenda chooni? Umekuja kwa miguu au umeletwa? Hapo mtu hana pa kujificha, maana hajui natafuta nini. Akishanijibu, najua mwenyewe anaumwa kiasi gani. Mficha maradhi hufichuliwa na kopo lake la chakula."

"Methali haiko hivyo."

"Leo iko hivyo. Huyo mzee wako, kwa sababu ya hilo tundu, kila siku anafanya nini?"

Baba Pacha akafikiri. "Anaweka ndoo chini. Ikijaa anabadilisha."

"Basi muulize ndoo."

*

Siku tatu zilizofuata Baba Pacha alizunguka kiwandani na fomu mpya. Haikuwa na neno hali hata mahali pamoja. Dereva wa lori, ambaye miezi mitatu aliandika gari liko sawa, aliulizwa amewasha mara ngapi asubuhi ndipo likawaka, akajibu bila kufikiri, "Nne, na kusukumwa." Mtunza stoo, aliyeandika kila kitu kiko salama, aliulizwa funguo ziko kwa nani sasa hivi, akajipapasa mifuko yote, akaondoka mbio. Hakuna aliyeona ubaya kujibu. Watu huogopa kutoa maoni, lakini hesabu ya ndoo si maoni ya mtu.

Skrini nayo ikabadilika. Upande wa kushoto palikuwa na maneno ya wakuu wa idara, kama walivyoyaandika, hata nukta hakugusa. Upande wa kulia palikuwa na kilichofanywa kwa mikono siku hiyo. Pande mbili zikipatana, taa huwaka kijani au nyekundu. Zikigongana, taa huwa kijivu, na chini yake hutokea jina la kazi ya mtu wa kumwendea. Baba Pacha aliipenda ile kijivu kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Haikusema jambo ni zuri wala baya. Ilisema bado hatujui, inuka ukaulize. Alipobonyeza mara ya kwanza, taa thelathini na moja kati ya arobaini zikawa kijivu.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa amekwenda getini kuomba maboksi matupu ya sabuni, na kila jioni alifunga moja au mawili. Vyombo, vitabu, nguo. Pazia jipya alilishusha, akalikunja, akaliweka juu kabisa.

"Si tusubiri Ijumaa kwanza," Baba Pacha alisema.

"Wewe subiri kijivu chako. Mimi nina watoto."

Kufika Alhamisi maboksi yalikuwa saba ukutani, na familia ilikuwa inakula kwa sahani mbili kwa zamu.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi chumba cha mikutano kilijaa. Mkurugenzi, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alikaa kichwani mwa meza na kikombe chake. Naibu alikaa kuliani kwake. Meneja wa Uzalishaji na Mkuu wa Zamu walikaa mbali kiasi cha adabu. Baba Pacha, ndani ya shati lake jeupe la heshima, akawasha skrini.

Mkurugenzi akaweka kikombe chini.

"Umeniharibia," alisema. "Zilikuwa kijani zote. Hiki kijivu ni cha nini?"

"Ni mahali ambapo tulichoambiwa na kilichofanyika havijapatana, mkuu."

"Mimi nilisema sitaki insha."

"Si insha, mkuu. Ni mistari miwili."

Mkurugenzi alivaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti kama mtoto anayeanza kusoma. "Tangi namba mbili. Linaendelea vizuri. Ndoo zilizobadilishwa jana, kumi na nne." Akasoma tena kimoyomoyo. Akamgeukia Naibu. "Ndoo kumi na nne za nini?"

"Ni ndoo za kawaida, mkuu."

"Sijauliza aina."

"Ni… ni katika shughuli za kila siku za tangi. Mfumo huu una changamoto ndogondogo. Kijana amejitahidi, ila mimi ningeshauri turudi kwenye taa za zamani, na hilo suala la mkataba wake tulizingatie kwa mtazamo huo."

Baba Pacha aliiona nyumba yake ikitoka mlangoni, boksi moja baada ya jingine. Lakini Mkurugenzi alikuwa bado anaitazama skrini, na chini ya ile taa ya kijivu paliandikwa Mzee wa Tangi. Kumbe hata wakubwa wakipewa jina la mtu wa kumuuliza huwashwa na miguu. Akainuka. Wakuu wote wakainuka naye, hawana namna, wakashuka ngazi kwa mstari na kuvuka uani, kila mtu akijifanya haoni povu linavyomfika kwenye kisigino.

Ndani ya jengo la matangi Mzee wa Tangi alikuwa amechuchumaa chini ya tangi namba mbili, ndoo mkononi. Miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kusemeshwa na Mkurugenzi. Alisimama wima na ndoo yake, uji wa sabuni wa moto ukiwa umejaa mpaka ukingoni.

"Mzee," alisema Mkurugenzi, "hili tangi hali yake ikoje?"

Mzee wa Tangi akamtazama Mkurugenzi. Akamtazama Naibu. Nyuma yake tone zito likaanguka sakafuni pasipokuwa na ndoo, likafuatiwa na jingine.

"Linaendelea vizuri, mkuu," alisema.

Pumzi iliyotoka kwa Meneja na Mkuu wa Zamu ilisikika. Naibu akatabasamu. Mkurugenzi akageuka, ameridhika, anapangusa mikono ambayo haikushika kitu. "Basi," alisema, "nimemuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu. Kuuliza si ujinga. Turudi."

Hapo Baba Pacha alipata ile hasira inayotoka kwa mtu mpole mara moja kwa miaka kumi. Hakumkasirikia Mzee wa Tangi, maana alimwelewa kuliko alivyopenda. Siku chache tu zilizopita yeye mwenyewe alisema si mbaya, na hakuwa ameshika hata ndoo. Naibu alimkazia macho, na macho yale yalizungumza habari za funguo. Baba Pacha akayaruka kama alivyozoea kuruka povu.

"Mkuu, samahani," alisema. "Umeuliza swali ambalo sote tunajua jibu lake. Muulize hiyo ndoo ni ya ngapi."

Tone, kisha tone.

"Haya," alisema Mkurugenzi. "Hiyo ndoo ni ya ngapi?"

"Ya kumi na tisa, mkuu," alijibu Mzee wa Tangi, mara moja, hata kwa fahari kidogo. "Na saa nne haijafika."

"Ya kumi na tisa. Zote unazimwaga wapi?"

"Simwagi, mkuu, ni mali ya kampuni. Napanda ngazi narudisha juu ndani ya tangi."

"Halafu?"

"Halafu inashuka tena, nakinga."

Mkurugenzi aliinua kichwa akaitazama ngazi, akaifuata kwa macho mpaka chini. "Kwa hiyo ni uji uleule."

"Uleule, mkuu, mwingine humo una wiki tatu. Tumeshazoeana."

Mkuu wa Zamu alikohoa kicheko, akakimeza. Mkurugenzi hakucheka. Akamgeukia Naibu. "Wewe umewahi kufika hapa?"

"Mara nyingi sana, mkuu."

Mkurugenzi akafungua mdomo, akasita. Ilikuwa wazi anatafuta kitu ambacho hajawahi kukitumia. "Mara ya mwisho," alisema taratibu, "ulivaa viatu gani?"

Watu wote wakatazama chini. Viatu vya Naibu, vya ngozi, vilikuwa tayari vyeupe mpaka kwenye kamba, na magadi ya sabuni yalikuwa yameanza kuvibabua. Mtu aliyewahi kufika hapo mara moja asingevivaa tena. Naibu akauficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Zimeni hili tangi," alisema Mkurugenzi.

*

Mchana wa siku hiyo kiwanda kizima kilikuwa kinaulizana vitu vya ajabu. Mkurugenzi aliwaita wakuu wa idara mmoja mmoja, akawauliza mara ngapi, lini, kwa mkono wa nani. Naibu alikabidhiwa ukarabati wa tangi, pamoja na buti za mpira. Ilipofika saa kumi, Baba Pacha akaitwa.

"Kazi nzuri," alisema Mkurugenzi. "Kijivu nimekielewa. Kinanikera, lakini nimekielewa."

"Asante, mkuu. Na mkataba?"

"Usiwe na wasiwasi. Suala lako liko mezani."

Baba Pacha aliitazama ile meza. Palikuwa na simu, kikombe na mafaili ya rangi tatu. Wiki moja iliyopita angeshukuru, akaenda nyumbani akamwambia mkewe mambo si mabaya.

"Mkuu, naomba nikuulize kwa namna nyingine. Nihame nisihame?"

Mkurugenzi akajivuta kwenye kiti. Hakupenda kuulizwa hivyo, lakini asubuhi yote alikuwa amewauliza wenzake hivyohivyo, na bado alikuwa na utamu wake mdomoni. "Umeshafunga maboksi mangapi?"

"Saba."

Mkurugenzi akafikiri, akatazama dari, akahesabu mambo anayoyajua mwenyewe: bodi, bajeti, Naibu ambaye shemeji yake alikuwa kwenye bodi.

"Fungua sita," alisema.

*

Mama Pacha aliposikia alikaa juu ya boksi mojawapo. Alicheka kwanza, kisha machozi yakamtoka kidogo, akayafuta kwa haraka kama mtu aliyeingiwa na moshi.

"Sita," alisema. "Mtu mzima, na kiwanda chake, anakwambia fungua sita."

"Ni zaidi ya nilichopata kwa wiki nzima."

"Najua. Sijakataa." Akasimama, akayazunguka yale maboksi. "Sasa la saba ni lipi? Maana mtu akiachiwa boksi moja achague mwenyewe, lazima achague kwa akili."

Pacha walipendekeza la vitabu vya shule. Halikujadiliwa. Sahani zikatoka, mashuka yakatoka, pazia likarudi dirishani. Mwisho likabaki moja karibu na mlango, na Mama Pacha akaongeza utepe wa gundi juu yake mizunguko miwili.

"Hilo ni la mashati yangu," alisema Baba Pacha.

"Ndiyo."

"Yote yamo humo."

"Ulilovaa halimo. Na hilo halitaguswa na maji wala sabuni mpaka yule bwana aseme neno. Nikifunga sahani, sote tutateseka na wewe utazoea. Nakujua wewe, Baba Pacha, ukiambiwa suala liko mezani unarudi kula. Sasa kila asubuhi ukivaa, utakumbuka kwenda kuuliza."

Alijaribu kubisha mpaka Jumapili usiku, akashindwa.

Jumatatu akaenda kazini na shati la Ijumaa, lenye madoa ya uji wa sabuni kwenye mikono, akauliza. Mkurugenzi alisema wanalifanyia kazi. Jumanne akaenda nalo tena, ukosi umebadilika rangi, na Mkurugenzi akasema liko hatua za mwisho, huku akivuta kiti nyuma kidogo. Baba Pacha alirudi nyumbani akayaeleza maneno yote kama yalivyo, bila kupunguza hata moja, na Mama Pacha akasikiliza akiwa amekaa upande wa dirisha. Usiku ule alimkunia mgongo kwa mbali. Wote wawili walikuwa na hofu, na wakaambiana hivyo.

Jumatano ilikuwa siku ya kumi na nne. Mkurugenzi alimruhusu kuingia saa nane na nusu mchana, na katibu muhtasi, mwanamke mwenye adabu zake, alifungua madirisha yote mawili kabla hajatoka.

"Hilo shati," alisema Mkurugenzi, "umelivaa siku ngapi?"

"Hii ya nne kazini, mkuu."

"Huna mengine?"

"Ninayo. Yako kwenye boksi la saba."

Mkurugenzi akageuza uso kutafuta hewa. Dirishani lori lilikuwa linatoka getini, dereva akilisukuma na wenzake, ubavuni limeandikwa jina la sabuni kwa herufi kubwa na chini yake neno Weupe.

"Na wewe unafanya kazi kiwanda cha sabuni," alisema.

"Mpaka saa kumi leo, mkuu."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. Akavuta faili la katikati, akalifungua, na ndani yake mkataba ulikuwa umeshachapwa tangu Ijumaa, umekosa mkono wa mtu tu. Aliandika miaka miwili mahali palipoachwa wazi. Alisaini akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mkono mmoja puani, kisha akamwambia aende nyumbani akabadilishe shati.